Maji Yanapokupwa

Kupwa kwa bahari, yaani kurudi kwa maji nyuma hadi mwamba ukabaki wazi, hutajwa na wengi kana kwamba ni hali moja, ilhali kwa wanawake wanaochokoa pweza kwenye miamba ya Kilifi na Malindi kuna kupwa kwa namna nyingi, kila namna na saa yake na hatari yake.

Mchokoaji huanza hesabu yake na mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu huja maji ya bamvua, ambayo tofauti yake kati ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4, na kwa kuwa katika pwani hii bamvua hupwa kwenye saa nne asubuhi, mwamba wa nje hukanyagika mchana kweupe. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, yasiyojaa sana wala kukauka sana, na mwamba huo haufikiki kwa miguu.

Akifika mwambani, mchokoaji hamtafuti pweza mwenyewe, kwa maana mnyama huyo hugeuza rangi akafanana na jiwe. Hutafuta dalili za makao yake: maganda ya kaa na kombe yaliyotupwa mlangoni, mchanga uliosukumwa nje, vijiwe vilivyosogezwa kuziba tundu. Kijiti huingizwa taratibu mpaka pweza akikamate, kisha huvutwa. Tundu lenyewe halivunjwi, kwa kuwa pweza mwingine atahamia humo, na mchokoaji hodari huyakariri matundu yake na kuyarudia kila bamvua. Hiyo ni elimu kamili, ingawa haina cheti.

Hata hivyo, pweza jike hutaga mara moja tu maishani, hulinda mayai yake bila kula, kisha hufa. Akichokolewa kabla hayajaanguliwa, uzao wake wote hupotea. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, hazitoshi kumlinda nje ya mipaka ya hifadhi hizo. Huko Andavadoaka, Madagascar, wanakijiji walianza mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Je, Kilifi wakifanya hivyo, mwanamke asiye na chombo cha kwenda kina kirefu atakula nini miezi hiyo? Na nani atazuia wageni wasivune alichojinyima?

Wanaopanga kanuni za uvuvi wawaite wachokoaji kabla ya kuweka mpaka wowote, na mkutano huo usiitishwe saa nne asubuhi siku ya bamvua.