Bibi Amesahau Jina Langu, Kura Yake Je?

Bibi yangu ana miaka 81. Siku hizi ananiita kwa jina la mama, na akishamaliza chai anauliza mbona hajaletewa. Hospitali walisema ni dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na uwezo wa kufikiri polepole. Wakati wa kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, nyumbani sote tulienda kuhakiki taarifa zetu, bibi tukamwacha. Mjomba alisema, "Huyu atamchagua nani wakati hata mimi hanijui?" Nikanyamaza. Kusema kweli, nilikubaliana naye.

Baadaye nikaona aibu, nikafungua Katiba. Ibara ya 5 inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura. Ibara hiyohiyo inaliruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia mtu kwa sababu chache, mojawapo ikiwa ni ugonjwa wa akili. Hapo ndipo wengi tunapochanganya. Mtu huzuiwa kwa sheria, tena baada ya hali yake kuthibitishwa kisheria. Si kazi ya mjomba, wala ya jirani, wala yangu.

Halafu, kusahau si sawa na kushindwa kuchagua. Dimenshia ina hatua zake. Mara nyingi huanza kufuta mambo ya juzi, ya zamani yakabaki, na mgonjwa wa jioni anaweza asiwe yule wa asubuhi. Sisi wa ualimu tunajua kwamba mwanafunzi aliyefeli hesabu hajafeli masomo yote. Bibi hawezi tena kuhesabu chenji, lakini taarifa ya habari ikianza anajua nani hampendi na kwa nini. Hapa chuoni nina marafiki wanaochagua kwa kuangalia fulana, na hakuna anayewapima akili.

Je, akihitaji msaada? Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara yake ya 29 inalinda kura ya siri, na inaruhusu mpiga kura asaidiwe na mtu anayemtaka mwenyewe. Kusaidia ni kumsomea majina na kuweka alama pale anaposema yeye. Kumchagulia ni kumwibia. Hata Uingereza, walioondoa kizuizi cha hali ya akili mwaka 2006, sheria yao haimruhusu mtu kupiga kura kwa niaba ya asiyeweza kuamua. Kama siku hiyo bibi hataonyesha chaguo lolote, basi kura yake haitapigwa. Haihamii kwangu.

Likizo iliyopita nilimkuta akipekua sanduku la khanga.

"Unatafuta nini, bibi?"

"Kichinjio changu."

Tulikitafuta wote. Kilikuwa kwenye droo ya mjomba. Nimemrudishia mwenyewe. Nawe ukienda nyumbani, hebu ulizia cha bibi yako kiko wapi.