Neno Maktaba, na Sanduku Lililotangulia Nyumba

Katika Njombe na Makambako, kama kwingineko, twasema maktaba: neno la Kiarabu, nduguye kitabu na katibu. Waarabu hulitumia hata kwa duka la vitabu; sisi twalitumia kwa nyumba ya kusomea na kuazima. Walakini huku bara nyumba haikutangulia. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilipeleka vitabu kwa masanduku na kwa posta. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ilitungwa 1963, na nyumba kuu ikafunguliwa Dar es Salaam mwezi Desemba 1967. Basi mwalimu atakaye kuandika habari za maktaba ya mtaani mwake asianze na jengo. Awaulize wazee kama sanduku lo lote lilifika, lilikaa kwa nani, na nani alishika ufunguo.