Hadithi Nyepesi Wakati wa Dhiki

Watu wengi waliozoea kusoma tangu utotoni hupatwa siku moja na jambo linalowashangaza. Huchukua kitabu, hukifungua, macho hupita juu ya mistari, na wakifika chini ya ukurasa hawakumbuki hata neno moja. Jambo hili huwapata khasa wakati wa dhiki: msiba, ugonjwa ndani ya nyumba, madeni, vita, au maradhi kama yale ya UVIKO yaliyoenea duniani mwaka 2020. Mtu hudhani kwamba akili yake imechakaa, au kwamba mapenzi yake ya vitabu yamekufa. Makala haya yataka kueleza kwa nini hali hiyo hutokea, na kwa nini dawa yake mara nyingi hupatikana katika hadithi ambazo baadhi ya wataalamu wetu wa fasihi huzitazama kwa jicho la dharau.

Kwanza yafaa tujue kwamba kusoma si kazi ya macho tu. Msomaji hana budi kuushika kichwani mwanzo wa sentensi mpaka aufikie mwisho wake, na kuishika aya iliyopita huku akiingia katika ile ifuatayo. Nafasi ambayo akili hushikia mambo hayo kwa muda ni ndogo kwa kila binadamu, na wasiwasi hukaa katika nafasi hiyo hiyo. Mtu anayengoja jibu la daktari huwa ameijaza kabla hajafungua kitabu. Kitabu kizito, chenye sentensi ndefu na mawazo yanayodai kupimwa, hakipati pa kukaa. Si kwamba msomaji amekuwa mjinga. Nyumba yake imejaa wageni.

Hadithi nyepesi hupita mlango mwingine. Huanza na swali moja tu: nani aliyeua? Hazina iko wapi? Atamwoa au hatamwoa? Swali hilo lina nguvu ya kuvuta, na likishamvuta msomaji huusukuma wasiwasi kando kidogo kidogo, bila yeye kujilazimisha. Tena swali la hadithi lina tofauti kubwa na maswali ya dhiki, maana lina jibu, na jibu limo ndani ya kurasa alizozishika mkononi. Mwenye kuuguza hajui kama mgonjwa wake atapona; lakini ajua kwamba mpelelezi atamfichua mwuaji kabla ya jalada la mwisho. Nadhani ndiyo sababu hadithi za upelelezi, ingawa zimejaa maiti, huwatuliza watu wenye taabu.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Katika Alfu Lela Ulela, ambayo baadhi ya visa vyake vilisimuliwa pwani zamani kabla ya kuchapwa kwa Kiswahili, Shahrazadi huahirisha kifo chake kila usiku kwa hadithi isiyokwisha. Wala hamsimulii Sultani mawaidha matupu. Humsimulia majini, wavuvi, vinyozi na wafanya biashara.

Ushahidi ulio wazi zaidi hutoka katika Vita Kuu ya Pili. Mwezi wa Septemba 1940 maktaba ya mtaa wa Bethnal Green, mjini London, ilipigwa bomu. Baadaye maktaba ndogo ikafunguliwa ndani ya kituo cha reli ya chini ya ardhi ambacho kilikuwa bado hakijamalizwa, na ambamo watu wa mtaa walilala kwa kukimbia ndege za adui. Usiku wa tarehe 29 Desemba mwaka huo huo, maghala ya wachapaji katika njia ya Paternoster Row yaliteketea pamoja na mamilioni ya vitabu. Karatasi nazo zilikuwa zimekwisha kuwekewa kipimo. Hata hivyo haja ya vitabu haikupungua, bali ilizidi.

Wamarekani walikwenda mbali zaidi. Baina ya 1943 na 1947 walichapa vitabu vya askari, zaidi ya aina 1,300, na jumla ya nakala zaidi ya milioni 120, vikagawiwa bure. Vilikuwa vidogo, vipana kuliko urefu wake, vyenye jalada laini, kwa kipimo cha mfuko wa sare, na maneno yake yalipangwa safu mbili katika kila ukurasa. Humo mlikuwamo historia na mashairi, lakini mlikuwamo pia hadithi nyingi za upelelezi, za wachunga ng'ombe wa Magharibi, na za kuchekesha. Kimojawapo cha vile vilivyopendwa kupita kiasi kilikuwa riwaya ya Betty Smith, *A Tree Grows in Brooklyn*, iliyotoka mwaka 1943, inayosimulia maisha ya msichana wa familia maskini ya New York. Askari walimwandikia mwandishi huyo barua kwa maelfu. Yafaa kutia maanani kwamba wengi wa askari hao hawakuwa wasomaji walipotoka makwao. Usomaji waliupata katika mahandaki na mahospitalini, nao ulianza kwa vitabu ambavyo walimu wao pengine wasingeviweka juu ya meza.

Hapa kwetu vitabu vya namna hiyo kwa Kiswahili vilikuwa vichache, navyo karibu vyote vilikuwa tafsiri, kama *Mashimo ya Mfalme Sulemani* na *Kisiwa chenye Hazina*. Baada ya vita, mwaka 1948, ilianzishwa East African Literature Bureau, na shirika hilo likaandaa mashindano ya kutunga hadithi. Katika mashindano ya 1957 na 1958 mshindi wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, aliyekuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mwandishi wa magazeti. Kitabu chake, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilitoka mwaka 1960, na ndicho kilichomleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum.

Ni kweli kwamba Bwana Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes, wala mwandishi hakulificha jambo hilo. Lakini tazama alivyomfanya Mswahili. Watu wa Abdulla hawakimbilii bastola, huzungumza. Huulizana hali, hutaniana, hufichana kwa adabu, na mara nyingi ufunguo wa fumbo hulala katika neno moja lililosemwa visivyo. Msomaji husafiri na lugha yenyewe, Kiswahili cha Unguja chenye chumvi yake, hata akasahau kwamba kuna maiti inayongoja. Tena kisa chenyewe huanza katika hofu ya mzimu, na huishia penye akili na sababu. Mtu aliyejaa hofu zisizo na jina hupata nafuu kuona hofu moja, walau moja, ikipewa jina na kufunuliwa.

Baada yake walikuja wengine. Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965, na Elvis Musiba alitoa *Kufa na Kupona* mwaka 1974. Hadithi za Musiba zaenda mbio zaidi, zenye risasi na majasusi, na wako wanaozipenda khasa kwa sababu hiyo. Mimi nikiwa na taabu humchagua Abdulla. Risasi za watu wengine hunichosha.

Wataalamu wameziita riwaya hizi riwaya pendwa, na kuzitenga na riwaya dhati. Mgawanyo huo una manufaa yake darasani, na siukatai. Kosa huja pale mgawanyo unapogeuka hukumu, mpaka mwanafunzi akaona haya kukiri kwamba alikesha na Bwana Msa. Mtu aliyetoka katika homa kali hapewi pilau siku ya kwanza. Hupewa uji, na wala hakuna mpishi anayetukanwa kwa kupika uji mzuri. Tena kupika uji usiokuwa na madonge si kazi ndogo. Kumfanya msomaji aliyechoka afungue ukurasa wa pili kwataka ufundi ambao waandishi wengi wa vitabu vizito hawana.

Jambo hili nililijua kwa kitabu kimoja. Mwaka 2021 nilimwuguza baba yangu wodini kwa siku kumi na tisa. Nilikuwa nimechukua kitabu kinene cha historia, nikakirudia ukurasa wa nne kila siku bila kufika wa tano. Chini ya meza ya dawa palikuwa na nakala kuukuu ya *Mzimu wa Watu wa Kale*, jalada halina, imeachwa na mgonjwa aliyetutangulia. Niliifungua kwa kupoteza wakati tu, na nilipoinua macho maji ya chai yalikuwa yamepoa. Kesho yake nikaanza kusoma kwa sauti. Baba, ambaye tangu alazwe hakupenda kusema, akauliza, "Huyo Najum mbona hasikii anaambiwa nini?" Mzee wa kitanda cha pili akageukia kwetu, na tangu siku hiyo kila nikiingia alikuwa wa kwanza kuuliza, "Mwanangu, Msa kasemaje leo?"

Tulipokaribia mwisho tukaona kurasa za nyuma zimenyofoka. Wodi nzima ikagawanyika, kila kitanda na mwuaji wake, na mabishano yakaendelea hata muuguzi wa zamu akaja kutunyamazisha, kisha naye akatoa shauri lake. Nakala iliyo kamili niliipata baada ya wiki mbili kwa mwuza vitabu vikuukuu. Nilimsomea baba mwisho wake nyumbani, naye akacheka, maana alikuwa amekosea. Mzee wa kitanda cha pili alikuwa amekwisha kuruhusiwa kwenda kwao. Sikujua akaapo, wala sikupata kumwambia nani aliyeua.