Kushuka kwa Gia Uliyopandia

Kwa miaka 22 nimeendesha Kanta kati ya Bugomora, Murongo, Kaisho na Nkwenda. Kwenda nabeba ndizi, maharage na kahawa maganda; kurudi nabeba saruji, mabati na chumvi. Miaka yote hiyo milima ya Ibanda iko pembeni yangu, naiona kwenye kioo cha upande huu asubuhi na cha upande ule jioni, na sikuwahi hata siku moja kuipanda kwa ajili ya kuitazama. Dereva wa mzigo akiona mlima anawaza breki.

Aliyenipandisha ni mama. Ana miaka 79, na mwaka juzi alitolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku chache baada ya kufunguliwa bandeji aliketi uani, akaangalia juu kwa muda mrefu, kisha akaniita.

"Mwanangu, kumbe kule juu bado kuna miti, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa naona wingu la kijani tu. Nipandishe nikaone."

Nikamwambia ile sasa ni Hifadhi ya Taifa, kuna geti na kuna ada. Akaniuliza, "Kwani sisi si Taifa?"

Swali hilo lilinikaa. Huku kwetu wengi tunaamini hifadhi ni Serengeti na Ngorongoro, mahali pa mzungu mwenye kofia pana. Kumbe mkoa wetu wa Kagera ulipata hifadhi za taifa mpya mwaka 2019: Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato. Zamani yalikuwa mapori ya akiba. Tofauti yake ni hii: kwenye pori la akiba mwindaji mwenye kibali anaweza kuingia na bunduki yake, kwenye hifadhi ya taifa mnyama hawindwi kabisa, anatazamwa. Ibanda ni ndogo, imejibana kwenye pembe ya nchi ambapo Tanzania inakutana na Rwanda na Uganda, na sisi wa Bugomora ni majirani zake. Kuna watu kwetu wana wajukuu na hawajawahi kuvuka geti lile. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Nikaazima Hilux ya mpwa wangu, maana Kanta tupu mlimani inaruka kama mbuzi. Tukachagua mwezi wa pili. Hapo dereva yeyote wa huku atanielewa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara ya udongo mwekundu inakuwa sabuni. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, barabara ni kavu na gari halitelezi, lakini kila upande watu wanachoma nyasi, Rwanda wanachoma, Uganda wanachoma, na moshi unafunika bonde zima. Unafika juu salama na huoni kitu. Januari na Februari mvua hupumzika kidogo, vumbi limeshalazwa na vuli, hewa imeoshwa. Ukiamka mapema siku ya pili baada ya manyunyu, macho yanakwenda mbali mpaka yachoke yenyewe.

Mambo ya getini hayana ugumu. Hifadhi zetu hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Fedha taslimu hazipokelewi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Ada ya raia ni ndogo sana ukiilinganisha na anayotozwa mgeni, na kwa watu wawili na gari nilitumia pungufu ya ninachotumia kwenye mafuta ya safari moja ya Nkwenda. Mfuko wa plastiki usiuchukue, ulishapigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Tulifunga viazi na maharage kwenye jani la mgomba. Kijana mmoja askari wa uhifadhi alipanda nasi kutuonyesha njia. "Shikamoo bibi," akasema, na mama akamsogezea kikapu ili apate pa kukaa.

Sasa niseme kuhusu kupanda, kwa sababu hili ndilo ninalolijua.

Milima yetu haikuchongoka kama Kilimanjaro. Imelala kama migongo ya ng'ombe zizini, mmoja nyuma ya mwingine, kutoka kusini kwenda kaskazini, na migongo yake inapita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ubavu wa mgongo mmoja unaweza kuwa mkali sana kwa kilomita moja au mbili, kisha ghafla unajikuta juu, pametandazwa kama meza. Ndiyo maana gari dogo hushindwa: halifi kwa urefu wa mlima, linakufa kwenye ile kilomita moja. Ukikaribia, ingiza gia ndogo kabla ya mwinuko, usisubiri injini ilalamike. Ukibadili gia katikati ya mwinuko wenye changarawe, tairi zinazunguka bure na gari linaanza kurudi. Mara moja, zamani, barabara ya nje huku, nilirudi hivyo na tani nne za ndizi. Utingo wangu aliruka akasukuma jiwe chini ya tairi la nyuma, na jiwe lile ndilo lililotuacha hai. Tangu siku hiyo sipandi mlima bila kabari ya mti nyuma ya kiti.

Mama alishika chuma cha mlangoni kwa mikono miwili. Nje, mawe meupe yalijitokeza kwenye nyasi, magumu, yanang'aa kama chumvi ya mawe. Ndiyo mifupa ya milima hii. Wataalamu wa miamba wanaiita miamba ya Karagwe-Ankole, maana inaendelea hadi Ankole ng'ambo ya mto, na umri wake unapita miaka bilioni moja. Madini ya bati ambayo watu wa Kyerwa wanayachimba kwa sururu mpaka leo yanatoka kwenye miamba hiyo hiyo.

Juu kabisa nikazima injini.

Nataka msomaji ajue kinachotokea hapo. Kwanza unasikia masikio yako yenyewe. Halafu upepo. Halafu, polepole, macho yanaanza kupanga. Chini upande wa magharibi kuna mto, na sisi wa huku tunaujua mto huo kwa ndoo na kwa mitumbwi, tunaujua kipande kipande. Kutoka juu unauona wote kwa pamoja. Kagera inatoka kusini, maji ya Ruvubu ya Burundi na Nyabarongo ya Rwanda yakiwa yameshaungana karibu na Rusumo, inakuja kaskazini kwa uvivu kupitia matete na mafunjo, na inapofika hapa kwetu inapinda kiwiko na kuelekea mashariki. Ng'ambo ya kiwiko, mto mdogo wa Muvumba unaingia, na hapo ndipo nchi tatu zinagusana. Unaweza kuinyoosha mikono yako: huu Rwanda, huu Uganda, miguu Tanzania.

Kwa nini mto upinde? Nilidhani mito inapinda tu. Jibu nililipata kwa mwalimu wa jiografia niliyewahi kumbeba, na siku ile juu ya mlima nilimweleza mama. Zamani sana mito ya eneo hili, Kagera ikiwemo, ilitiririka kwenda magharibi. Kisha ardhi ya upande wa Bonde la Ufa la magharibi ikaanza kuinuka, kidogo kidogo, kwa maelfu ya miaka. Maji yakakosa njia, yakarudi nyuma kuelekea mashariki, yakajikusanya kwenye bonde pana, na bonde hilo ndilo Ziwa Victoria. Wanakadiria ni kama miaka 400,000 iliyopita. Mabwawa na mafunjo ya hapa chini ni alama ya mto uliochanganyikiwa.

Mama akafikiri. "Kama ungo," akasema. "Ukiinua upande mmoja, mchele unarudi kwako."

Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi.

Upande wa Rwanda mabati yalikuwa yanametameta hadi mbali. Kuna sababu yake pia. Sehemu ya ardhi ile ya Mutara ilikuwa ndani ya Hifadhi ya Akagera, iliyoanzishwa mwaka 1934. Baada ya vita na mauaji ya mwaka 1994 maelfu kwa maelfu ya Wanyarwanda walirudi kwao na hawakuwa na pa kuishi, na mwaka 1997 sehemu kubwa ya hifadhi ikakatwa wakapewa. Upande wetu nao wanyama walilipa. Wakimbizi walipofurika Ngara na Karagwe mwaka ule wa 1994, mapori ya huku yaliwindwa vibaya sana, na wazee wanakumbuka nyama ya pori ikiuzwa kama maharage. Ndiyo maana ukija Ibanda usitegemee Serengeti. Siku ile tuliona swala pala, kundi la nyani, nyati wanne kwa mbali, na viboko mtoni wakiwa kama mawe yanayopumua. Kiboko mmoja amewahi kunimalizia nusu eka ya mihogo usiku mmoja, kwa hiyo salamu zetu zilikuwa fupi. Lakini wanyama wanarudi, askari wetu alisema, na mimi nasadiki kwa sababu mihogo yangu inashuhudia.

Kisha yule kijana akatuonyesha kitu ambacho sikukitarajia. Magharibi, nyuma ya vilima vyote vya Rwanda, kulikuwa na pembetatu ya bluu iliyofifia, kama mtu aliyechora kwa makaa kisha akafuta kwa kidole. Muhabura, mita 4,127, katika safu ya volkano za Virunga. Kama kilomita 100 kutoka tulipokaa. Jina lake maana yake ni kiongozi wa njia. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliviona vilele hivyo akiwa Karagwe, safari ile aliyopokelewa na Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwezi wa Novemba 1861 pale Bweranyange. Mwenzake James Grant alikuwa na kidonda cha mguu, akabaki kwa Rumanyika miezi kadhaa akiuguzwa. Mukama huyo ndiye Rumanyika wa jina la hifadhi jirani; na baadaye, mwaka 1876, mpelelezi Stanley naye alifika hadi kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata. Mama alishapelekwa Mtagata akiwa binti, akamsindikiza bibi yake mwenye magoti mabovu. Anasema bibi alikwenda kwa kubebwa na alirudi akilalamika kwamba wanamtembeza polepole.

Nimuulize msomaji: mtu akisema anakwenda kutalii kwa gari milimani, anakwenda kufanya nini? Nina mpwa mwingine anayeishi Marekani, jimbo la Virginia, aliyenisimulia haya. Kule kuna barabara inaitwa Skyline Drive, kilomita 169, imepita juu kabisa ya mgongo wa milima ndani ya Hifadhi ya Shenandoah. Ilijengwa miaka ya 1930, na hairuhusiwi kukimbia zaidi ya kilomita 56 kwa saa. Kila baada ya kona chache wametengeneza sehemu pana ya kuegesha gari, ukuta mfupi wa mawe, watu wanashuka wanatazama. Wenyeji walioishi milimani humo waliondolewa ili hifadhi iwepo, na jambo hilo bado linawauma watoto wao. Sisi tuliopakana na hifadhi tunalielewa bila kufafanuliwa. Lakini zile sehemu za kusimama nimezipenda. Barabara imejengwa kwa ajili ya kusimama!

Sisi barabara za ndani ya Ibanda bado ni chache na za udongo. Ningeulizwa, nisingeanza na lami wala hoteli. Ningeanza na sehemu tano za kusimamia, zilizosawazishwa vizuri ili gari lisiserereke, benchi la jiwe, na kivuli cha nyasi. Halafu ningeleta mabasi ya shule za Bugomora, Murongo na Kaisho, watoto waone kiwiko cha mto wao kabla hawajakiona kwenye ramani.

Tulikaa saa mbili. Mama alitafuta nyumba yetu na hakuipata. Alipata mnara wa simu, akahesabu migomba kuanzia hapo, akasema "basi ni pale," na mimi sikubisha. Kabla ya kuondoka aliinama akang'oa fungu la nyasi laini, zile ambazo kwetu tunatandika sebuleni siku ya sikukuu, ndefu na zenye harufu tamu. Alikuwa ameshafika fungu la pili kijana alipomsogelea.

"Bibi, samahani sana. Humu ndani hairuhusiwi kuchukua kitu, hata jani."

Mama alimwangalia, akaangalia nyasi. "Hata za kutandika?"

"Hata za kutandika, bibi."

"Haya, mjukuu wangu." Akazirudisha chini taratibu, akazilaza upande mmoja kama anayetandika, na njia nzima ya kushuka alikuwa anainusa mikono yake.

Kushuka ndiko kunakoua watu milimani. Kanuni ni moja, na niliipokea kwa dereva mzee aliyenifundisha: shuka kwa gia uliyopandia. Kama ulipanda na gia ya pili, teremka na ya pili, uiache injini ishikilie gari. Anayeweka nyutro ili kuokoa mafuta, au anayekanyaga breki mfululizo, breki zinapata moto, unasikia harufu kama ya mpira unaoungua, na kanyagio linazama mpaka chini bila kushika kitu. Ukisikia harufu hiyo, simama mara moja palipo tambarare, weka kabari, ngoja zipoe. Usimwagie maji.

Tulifika getini saa 11 na nusu jioni. Mama alikuwa kimya tangu kona ya mwisho, nikadhani amelala. Kumbe alikuwa anapiga hesabu.

"Dada yangu wa Kaisho," akasema, "macho yake yamefunga kama yangu yalivyokuwa. Jumatatu tumpeleke akatolewe. Halafu mwezi ukiisha, uazime tena hili gari."