Kinyozi na Wajihi wa Mtu

Atakayeshika njia itokayo Tabata Relini, jijini Dar es Salaam, akapita Bima na Barakuda mpaka akafika Segerea, hatakwenda mwendo mrefu bila ya kukutana na saluni ya kiume. Baadhi ya saluni hizo zina vioo ukuta mzima, kiyoyozi, na viti vya ngozi vinavyozunguka. Nyingine ni vibanda vya mbao na bati, vyenye kiti kimoja, redio moja, na picha ya vichwa vilivyochongwa iliyobandikwa mlangoni, ili mteja asiyejua jina la mtindo autakao auonyeshe kwa kidole. Jumamosi jioni, na zaidi katika mkesha wa Idi na wa Krismasi, zote hujaa, kubwa na ndogo, hata watu wakangojea nje. Mpita njia aweza kudhani kwamba wote hao wamekuja kupunguza nywele. Walakini nywele za kichwa hurefuka kadiri ya sentimita moja tu kwa mwezi, na kijana arudiye kwa kinyozi kila wiki, tena aghalabu kijana ambaye mfuko wake hauna fedha za kuchezea, hakuletwa hapo na urefu wa nywele. Ameletwa na haja nyingine, na haja hiyo ndiyo tunayotaka kuichungua.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Fundi, hata awe hodari namna gani, hawezi kukiona kisogo chake, na kwa sababu hiyo hana budi kukikabidhi kichwa chake kwa mwenziwe. Mwaka 1902 mwanachuoni wa Kimarekani aliyeitwa Charles Horton Cooley alifika karibu na hekima hiyo kwa njia nyingine, alipoeleza kwamba mtu huijua nafsi yake kwa kujitazama katika macho ya wenzake: huwaza jinsi anavyoonekana kwao, huwaza hukumu wanayompa, kisha huona fahari au haya kwa hukumu hiyo aliyoiwaza. Ikiwa ndivyo, wajihi wa mtu si mali yake peke yake. Nusu yake iko mikononi mwa wanaomtazama, na kinyozi ni mtu wa kwanza kuitwa aisahihishe nusu hiyo kabla haijatoka barabarani.

Tazama kazi yenyewe inavyokwenda. Mteja huketi, akafungwa shuka shingoni, kinyozi akamwuliza, "Kama kawaida, kaka?" naye hujibu kwa maagizo ya mtu ajuaye anachokitaka: "Pembeni punguza, juu acha, mbele usiingie sana." Agizo hili la mwisho lina uzito, kwa maana mstari wa nywele juu ya paji la uso ukichongwa ndani kupita kiasi, uso wote hugeuka, na dawa yake ni kungoja majuma mengi. Baada ya mashine hufuata kuchonga panja na kisogo, kisha spiriti iwashayo, kisha poda. Na mwenye uwezo huhamia kiti cha pili, ambako dada wa saluni humwosha kichwa kwa maji ya moto, akamfanyia skrabu ya uso, akamkanda mabega. Mtu aliyeshinda kutwa akisukumwa katika daladala na kukemewa na tajiri wake hushikwa kichwa kwa upole na kuulizwa matakwa yake, na matakwa hayo hutimizwa mbele ya macho yake. Saa kama hiyo ni adimu katika maisha ya mnyonge, na hapo ndipo kujiamini kunapoanzia.

Baadhi ya watu hudhani kwamba mtu aliyenyolewa vema hujiamini kwa kuwa sasa anajiona mzuri. Dhana hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Mwenye nywele zilizochakaa anapoingia katika chumba cha usaili au katika nyumba ya wakwe, nusu ya akili yake hubaki juu ya kichwa chake: huupeleka mkono kisogoni, huinamisha uso, hukisia kila cheko kuwa linamhusu yeye. Aliyekwisha kuhakikisha katika kioo kwamba hana kasoro huachiliwa na wasiwasi huo, akili yake yote ikapata nafasi ya kumsikiliza aulizaye na kutafuta jibu. Faida kubwa ya kunyolewa vema, basi, ni kwamba humwezesha mtu kujisahau, na mtu aliyejisahau kwa salama ndiye watu wamwitaye mwenye kujiamini.

Fauka ya hayo, nywele husema. Kipara kinachong'aa, panki, kiduku, afro iliyochanwa ikasimama, ndevu zilizonyolewa O, kila kimoja ni tamko juu ya umri, kazi, imani na ujasiri wa mwenyewe. Wala si bidaa ya zama hizi. Mababu wa pwani walikata denge, wakiacha nywele za utosini na kunyoa zilizouzunguka, ilhali masheikh waliwaonya kwamba hadithi za Mtume zinakataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu. Na katika Kombe la Dunia la mwaka 2002, Ronaldo wa Brazil alikinyoa kichwa chote akaacha kipande kama mwezi mwandamo juu ya paji. Baadaye alieleza kwamba waandishi walikuwa hawazungumzi ila jeraha lake, naye akataka wazungumze nywele. Wakazizungumza, na katika fainali ya Yokohama akaifunga Ujerumani mabao mawili. Mtu mmoja aliyageuza mazungumzo ya ulimwengu kwa mashine ya kunyolea.

Kwa kuwa nywele husema, wenye mamlaka hawakuziacha kamwe zijisemee. Mtoto wa Kiislamu hunyolewa siku ya saba katika akika. Moran wa Kimasai hunyolewa na mama yake nywele ndefu za ujana katika sherehe ya eunoto, ili apande daraja. Wanafunzi wetu, wa kiume kwa wa kike, huagizwa kuzipunguza. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa chama cha TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari mosi 1969, na pamoja na sketi fupi na suruali za kubana, nywele za bandia nazo zilipigwa marufuku kwa hoja ya kuulinda utamaduni wa taifa. Nchini Kenya, Septemba 2019, Mahakama Kuu iliamua kwamba Shule ya Sekondari ya Olympic iliyoko Kibera ilikosea kumzuia masomo mwanafunzi wa imani ya Rastafari kwa sababu ya nywele zake. Hakuna serikali ambayo ingalishughulika na jambo hili, wala mahakama kulisikiliza, lingalikuwa upuuzi wa vijana.

Kinyozi wa Tabata husimama katikati ya madai hayo. Hukata kichwa cha mtoto kwa agizo la mama, cha karani kwa desturi ya ofisi, na cha kijana kwa picha iliyomo katika simu yake; na aliye hodari humshauri mteja wake kwa staha kwamba mtindo fulani hauafikiani na umbo la kichwa au na kazi anayoiomba. Kichwa kilichonyolewa vema ni kile ambacho shauku ya mwenyewe na mahali pake katika watu vimepatana, na kukipatanisha hivyo ni maarifa yastahiliyo ijara njema.

Mteja naye ana wajibu wake. Mashine isiyosafishwa hupitisha mapunye kutoka kichwa hadi kichwa. Ndevu zilizokwanguliwa mno hujikunja zikaichoma ngozi na kuleta vipele. Na tangu UKIMWI ulipobainika mkoani Kagera mwaka 1983, watu wamefundishwa kuukataa wembe uliokwisha kumkata mwingine. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiketi katika kiti hicho, taka kuona mashine ikipigwa spiriti kabla ya kukugusa, eleza wazi unachokitaka, na mlipe fundi ujira wake bila ya kumpunja. Na ukiwa mzazi au mwalimu, mwanao akirudi na kichwa usichokizoea, mwulize kwanza alichokusudia kusema kabla ya kumpeleka tena kwa kinyozi.