Kwa Baiskeli Hadi Butiama

Tangu mwaka 2019, mwezi wa Oktoba unapowadia, msafara wa wapanda baiskeli uitwao Twende Butiama hushika njia kutoka Dar es Salaam kwenda nyumbani kwa marehemu Mwalimu Julius Nyerere mkoani Mara, ili kuikumbuka tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki dunia mwaka 1999. Masafa ni zaidi ya kilomita elfu moja, na katika kuyapita hutolewa madawati kwa shule, hupandwa miche ya miti, na wenyeji hupata huduma za afya. Hayo ni mema yaonekanayo kwa macho, na kila mwenye insafu huyasifu. Lakini wako wanaouliza, na ni haki yao kuuliza, kwa nini fedha zisitumwe tu kwa simu, madawati yakafika kwa lori, na watu wakasalimika na jua la Dodoma. Swali hilo linastahili jibu la makini, kwa kuwa ndani yake imo siri ya safari yenyewe.

Desturi ya kupanda baiskeli masafa marefu kwa ajili ya ihsani ilipata nguvu nyingi Marekani. Mwaka 1980 Billy Starr, ambaye mama yake alikuwa amefariki kwa maradhi ya saratani, aliwakusanya wenziwe wakalivuka jimbo la Massachusetts hadi Provincetown, kwenye ncha ya nchi iliyoingia baharini. Walikuwa watu 36, na walichokusanya kwa ajili ya vita dhidi ya saratani kilizidi kidogo dola 10,000. Safari hiyo ingali ikifanyika kila mwaka, na jumla ya fedha zake imekwisha kupita dola bilioni 1. Mwaka 1994 ikaanzishwa nyingine huko California, kutoka San Francisco hadi Los Angeles, kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI, wakati ambapo dawa madhubuti za kuyafubaza maradhi hayo zilikuwa bado hazijapatikana, na wengi waliona haya hata kuyataja. Na miongoni mwa waliopanda milima ya pwani ile walikuwamo wagonjwa wenyewe.

Utaratibu wa safari za namna hii ni mwepesi kuufahamu. Mpanda baiskeli huwaendea ndugu, jirani na wafanyakazi wenziwe, akawaambia kwamba yeye ataibeba taabu ya njia, nao waibebe gharama ya jambo linalokusudiwa. Na watu ambao wangelipita sanduku la michango bila kugeuza shingo hutoa, kwa sababu wanamjua mwenye kuomba na wanaona kwamba ameitanguliza nafsi yake kuwa dhamana. Basi taabu ile ina kazi. Hata hivyo, kama kazi yake ingekuwa hiyo tu, ingekwisha siku ya kuondoka, ahadi zinapokuwa zimekwisha kuandikwa.

Mwenye kwenda kwa basi kutoka Dar es Salaam hufika Dodoma siku ile ile, na Kibaigwa kwake ni jina alitajalo kondakta. Mwenye kwenda kwa baiskeli hupewa nchi kidogo kidogo. Huiona milima ya Uluguru asubuhi nzima kabla ya kuifikia Morogoro. Hupita Dumila penye nyanya na vitunguu vilivyopangwa kando ya barabara. Hupanda Gairo kwa jasho. Na Kibaigwa hulikuta soko la mahindi, malori yamesimama sambamba na makuli wanapanda ngazi za mbao na magunia migongoni. Ametoka usawa wa bahari, na afikapo Dodoma yuko mita zipatazo 1,100 juu yake, naye ameilipia kila mita. Baada ya hapo hawezi tena kusema neno 'vijijini' kama asemavyo mtu wa ofisini, kana kwamba ni mahali pamoja pasipo na sura.

Kutoka Dodoma kwenda Manyoni na Singida nchi ni kavu katika majira hayo, mibuyu haina majani, na upepo wa upande wa mashariki huvuma mchana kutwa. Aendaye Butiama anaupa mgongo. Upepo wa nyuma haupigi kelele masikioni wala haumtii mtu vumbi machoni. Yeye huona kilomita zikipita, naye hudhani ni magoti yake, ni mazoezi yake, ni wepesi wa gia zake. Hudhani hivyo mpaka apishane na mtu ajaye.

Mtu huyo aghalabu ana baiskeli ya chuma aina ya Phoenix, naye anaisukuma, kwa kuwa karia imebeba magunia mawili ya mkaa yaliyokazwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, na uzito umeelemea nyuma hata gurudumu la mbele lataka kuinuka. Kwa mkono mmoja ameshika usukani, kwa wa pili anausukuma mzigo. Breki zimekufa zamani. Kwenye mteremko hupanda juu na kukanyaga tairi kwa soli ya kandambili. Upepo unampiga kifuani. Hakuna aliyemwahidi shilingi kwa kila kilomita, wala hakuna gari lenye maji na daktari linalomfuata. Anapoiona safu ya watu waliovaa kofia ngumu na fulana za rangi moja, yeye ndiye huwahi kusema, "Poleni na safari."

Mtu akiijibu salamu hiyo kwa moyo mkunjufu, hawezi kuendelea kujihesabu shujaa. Kwa maoni yangu hapo ndipo safari inapobadilika makusudi. Wengi huondoka na nia mbili zilizochanganyika, ya kusaidia na ya kujipima, na si aibu, maana nafsi ya mwanadamu imeumbwa hivyo. Lakini siku nyingi za jua huzitenga nia hizo, na ile ya kujipima hupungua thamani kila mara anapoonekana mtu afanyaye jambo gumu zaidi kwa ajili ya chakula cha jioni.

Kisha huja siku ya kuhitaji. Tairi hupata pancha mbali na gari la msaada, na mtoaji wa sadaka hujikuta amesimama chini ya mwarobaini mbele ya fundi mwenye beseni la maji, ambaye huizamisha tyubu kipande kwa kipande mpaka aone mapovu, akaikwangua kwa msasa, akapaka gundi, akaipuliza kwa pumzi na kubandika kiraka kwa kidole gumba, bila haraka. Maji ya kunywa yameombwa nyumba ya jirani, yameletwa na mtoto kwa mikono miwili. Aliyekuja kutoa amepokea, na kupokea vizuri ni adabu isiyofundishwa katika mikutano ya wafadhili.

Aendaye kwa njia ya Mwanza, akitoka huko kupita Magu na Bunda, hushika njia ile ile ya Mwalimu, ila yeye anakwenda kinyume. Kwani Oktoba 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio hilo. Rais alikuwa na gari. Alichagua mwendo ambao watu wake wangeweza kuufuata.

Nami nathubutu kutoa rai kwa wanaoandaa misafara hii. Katika vyote vinavyoweza kutolewa, hakuna akijuacho mpanda baiskeli kama umbali. Basi zawadi imfaayo kuitoa kwa ujuzi ni baiskeli kwa mtoto akaaye mbali na shule. Huko Zambia, wasichana wa vijijini walipopewa baiskeli, utafiti ulionyesha kwamba muda wao wa njiani ulipungua kwa takriban theluthi moja, na siku za kukosa shule kwa zaidi ya robo. Lakini iwe baiskeli ya chuma, yenye karia ya kubeba mdogo wake au dumu la maji, na spoku, mnyororo na tyubu vyake viwe ni vile vipatikanavyo kwa fundi wa kijiji kile kile, hata mwezi wa Machi, msafara ukiwa umekwisha kurudi Dar es Salaam.