Mwanachama Aliyekuja na Vinanda Viwili

Katika pwani ya magharibi ya Uingereza uko mji uitwao Blackpool, ambao kwa miaka mingi wafanyakazi wa viwandani walizoea kwenda kupumzika siku za likizo. Mjini humo, mwaka 1961, kilianzishwa chama cha watu wapendao kinanda kidogo cha nyuzi nne kiitwacho ukulele. Jina la chama hicho ni George Formby Society, nacho kingali hai mpaka leo. Wanachama wake wengi si watu wanaopata riziki yao kwa muziki. Ni watu wenye kazi zao nyingine, ambao jioni, wakiisha kuvua nguo za kazi, hushika vinanda vyao na kujifunza.

Desturi ya mikutano yao ni nyepesi, lakini ina maana kubwa. Kila mwenye wimbo hupanda jukwaani, akaupiga, kisha akashuka kumpisha mwenziwe. Kisha huja wakati ambapo wote wenye vinanda hupanda pamoja, wakapiga wimbo mmoja, stadi na mwanafunzi bega kwa bega.

Mwezi wa Machi, 1991, katika mkutano mmoja wa namna hiyo, alifika bwana mmoja wa miaka 48, pamoja na mkewe Olivia na mwanawe Dhani, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 12. Bwana huyo alipanda jukwaani na kinanda chake, akaimba wimbo wa zamani kama walivyoimba wengine. Naye hakuwa mtu mwingine ila George Harrison, mmoja wa wale vijana wanne wa Liverpool walioitwa The Beatles, ambao nyimbo zao zilienea katika kila bara.

Dunia yamkumbuka Bwana Harrison kwa gita. Lakini katika makala hii twataka kumkumbuka kwa kinanda kile kidogo, na kwa namna alivyokuwa mwanachama miongoni mwa wanachama. Kwa maana mtu akitazamwa katika mambo yake makubwa huonekana jina lake; akitazamwa katika mambo yake madogo, ndipo huonekana moyo wake.

KINANDA KILIVYOPATIKANA

Kwanza yafaa msomaji ajue habari za kinanda chenyewe. Mwezi wa Agosti, 1879, meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu, katika visiwa vya Hawaii. Ndani yake walikuwamo Wareno wa kisiwa cha Madeira, waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwa maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Hawa walijua kutengeneza kinanda kidogo cha kwao, na baada ya muda wakaanza kukitengeneza kwa mbao za Hawaii. Wenyeji wakakipenda, hata mfalme wao Kalākaua akakipa heshima katika baraza lake. Wakakiita ukulele, na wengi hueleza kwamba maana yake ni kiroboto arukaye, kwa sababu vidole vya mpigaji huruka huku na huku juu ya nyuzi.

Kinanda hicho kilipofika Uingereza, mtu aliyekifanya kipendwe na watu wote alikuwa George Formby, mzaliwa wa Wigan, mwaka 1904. Baba yake pia alikuwa mchekeshaji mashuhuri. Kijana mwenyewe alifundishwa kazi ya kupanda farasi wa mashindano, lakini baba yake alipofariki mwaka 1921 akaacha farasi, akashika jukwaa. Kinanda chake kilikuwa ukulele ya namna ya banjo, yaani yenye ngozi iliyowambwa kama ya ngoma, ili sauti yake isikike mbali. Na hapa Mwafrika ana haki ya kutabasamu, kwa kuwa banjo ni kazi ya Waafrika waliochukuliwa utumwani ng'ambo ya bahari, wakaiunda kwa kukumbuka vinanda vya kwao.

Formby alicheza katika filamu nyingi, na wakati wa vita kuu ya pili alisafiri kuwatumbuiza askari. Mwaka 1946 alizuru Afrika ya Kusini pamoja na mkewe, Beryl. Huko walikataa kufuata desturi ya kuwatenga watu kwa rangi katika maonyesho yao, wakawapigia watu weusi pia, jambo lililowaudhi sana wakubwa fulani wa siasa. Formby alifariki tarehe 6 Machi, 1961, na maelfu ya watu walijipanga barabarani kumsindikiza kaburini. Mwaka huo huo wapenzi wake wakaanzisha chama, ili nyimbo zake zisizikwe pamoja naye.

KIJANA WA LIVERPOOL

Wakati Formby alipofariki, George Harrison alikuwa kijana wa miaka 18, na ndiyo kwanza yeye na wenziwe walikuwa wameanza kupiga muziki katika chumba cha chini kiitwacho Cavern, huko Liverpool. Alizaliwa mjini humo tarehe 25 Februari, 1943, mtoto wa mwisho kati ya wanne. Baba yake, Harold, alifanya kazi katika mabasi, kwanza akikata tikiti, baadaye akiyaendesha. Nyumba yao ilikuwa ndogo, na choo kilikuwa nje uani. Gita lake la kwanza lilinunuliwa kwa paundi 3 na shilingi 10, fedha ambazo kwa nyumba ya mfanyakazi hazikuwa chache. Mama yake, Louise, alimtia moyo usiku hata usiku, kijana alipokuwa akijifunza na vidole vikimwuma. Alipoacha shule aliingia katika duka moja kubwa kujifunza kazi ya umeme, lakini moyo wake ulikuwa kwenye nyuzi.

Yaliyofuata yajulikana. Umaarufu wa vijana wale wanne ukazidi, hata kelele za watu zikafunika muziki wao, nao wakaacha kusafiri kwa maonyesho mwaka 1966. Mwaka 1970 wakaachana. Harrison hakuwa mtu wa kupenda makelele. Tarehe 1 Agosti, 1971, aliandaa maonyesho makubwa huko New York kwa ajili ya watu wa Bangladesh waliopatwa na vita na njaa. Mwaka 1974 alisafiri Amerika ya Kaskazini kwa maonyesho, na baada ya hapo miaka mingi ikapita pasipo safari nyingine ya namna ile. Watu wenye fedha nyingi walimtaka apande jukwaani, naye hakutaka.

Basi twaona jinsi tendo lake la Blackpool lilivyokuwa na uzito. Mtu aliyeyakwepa majukwaa makubwa alipanda kwa hiari yake jukwaa la chama, mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa mastadi. Katika chama kile hakuhitaji kuwa mkubwa. Alihitaji kujua wimbo wake tu, na kungoja zamu.

KIMOJA CHAKE, KIMOJA CHA MGENI

Rafiki zake wengi wamesimulia habari moja, kila mtu kwa namna yake. Paul McCartney, mwenziwe wa tangu utoto, amesema kwamba mtu akialikwa nyumbani kwa Harrison, baada ya chakula vinanda vya ukulele vilitolewa. Joe Brown, mwimbaji aliyekuwa rafiki yake sana, amesimulia kwamba Harrison alizoea kuchukua ukulele mbili. Na sababu ni hii: moja yake mwenyewe, na ya pili ya yeyote atakayekutana naye, ili wapige pamoja.

Naye Tom Petty, mwanamuziki wa Marekani, alieleza jinsi Harrison alivyofika nyumbani kwake na kumfundisha kinanda hicho. Wakati wa kuondoka, mgeni akafungua gari lake, na kumbe ndani mlikuwa na vinanda vingine tena. Akamwachia mwenyeji wake vinne, akisema kwamba huenda vikahitajika.

Mwaka 1999 Harrison aliandika barua fupi ya kusifu ukulele. Alisema kwamba watu wote awajuao wapendao kinanda hicho wana wazimu kidogo, na kwamba mtu hawezi kukipiga asicheke. Akaitia sahihi yake, na pembeni akaandika Keoki, ambalo ni jina la George kwa lugha ya Kihawaii, maana alikuwa na nyumba katika kisiwa cha Maui.

Wakulima watafurahi kusikia kwamba mtu huyu alikuwa pia mtu wa jembe. Mwaka 1970 alinunua nyumba kubwa ya zamani iitwayo Friar Park, katika mji wa Henley kando ya mto Thames. Bustani yake ilikuwa imeachwa hata ikawa msitu. Harrison hakuridhika kuajiri watu na kukaa dirishani akiwatazama. Alishika udongo mwenyewe, akafyeka, akapanda, mwaka baada ya mwaka. Alipotoa kitabu cha maisha yake mwaka 1980, hakukiweka wakfu kwa wafalme wala kwa wanamuziki, bali kwa watunza bustani wa kila mahali.

Kazi ya mpanda miti na kazi ya mgawa vinanda ni kazi moja. Apandaye mti ajua kwamba pengine kivuli chake kitafunika watu wengine. Ampaye mwenziwe kinanda ajua kwamba wimbo utaendelea hata mkono wake mwenyewe utakaponyamaza.

SIKU YA KUMKUMBUKA

Mkono wake ulinyamaza tarehe 29 Novemba, 2001, mjini Los Angeles, baada ya ugonjwa wa saratani. Alikuwa na miaka 58. Nyimbo alizokuwa akizitengeneza hazikuwa zimekwisha. Mwanawe Dhani, yule mtoto wa Blackpool ambaye sasa alikuwa kijana wa miaka 23, alizishughulikia pamoja na Jeff Lynne, rafiki wa baba yake, hata zikatoka katika sahani iitwayo Brainwashed, mwezi wa Novemba, 2002. Humo msikilizaji aisikia ukulele ya marehemu.

Siku ile ile ulipotimia mwaka mmoja tangu kifo chake, rafiki zake walikusanyika katika jumba kubwa la Royal Albert Hall, London. Walikuwapo wapigaji wa Kihindi, maana Harrison aliupenda muziki wa huko na alikuwa mwanafunzi wa Ravi Shankar. Walikuwapo pia mastadi wa gita wasifiwao duniani kote. Lakini McCartney alipotaka kumkumbuka ndugu yake, hakutegemea gita tu. Alisimama na ukulele, akaanza kupiga kwa kinanda hicho wimbo wa Harrison uitwao Something. Katika jumba lile lenye maelfu ya watu sauti ile ndogo ilitosha, hata wenzake wote wakaingia.

Na mwisho wa yote, baada ya vyombo vyenye sauti kubwa kunyamaza, akapanda Joe Brown. Naye mkononi alikuwa na ukulele. Akaimba wimbo wa zamani wa mwaka 1924, wa mtu anayemwambia mpenziwe kwamba wataonana katika ndoto. Alipokuwa akiimba, kutoka darini zikaanguka petali za maua juu ya watu. Mtunza bustani akaagwa kwa maua, na mwanachama akaagwa kwa kinanda cha chama.

Twajifunza nini hapa? Watu wengi hudhani kwamba mtu hukumbukwa kwa ukubwa wa cheo chake. Harrison alikuwa na sifa na mali, lakini rafiki zake walipotaka kumlilia walichagua kitu cha nyuzi nne ambacho mtoto aweza kukibeba. Walikichagua kwa sababu kitu hicho alikigawa. Gita lake lilisikilizwa na mamilioni, bali ukulele yake ilipigwa na wengine pamoja naye.

Katika kila wilaya yako makundi ya waimbaji, na wako wazee wajuao nyatiti na zeze, ambao hatuwasikii kwenye redio. Kila mmoja wao ataondoka siku yake. Swali ni hili: siku hiyo, atakuwapo nani aliyepewa kinanda cha pili? Na wewe msomaji, kama wajua wimbo, au ufundi, au namna njema ya kulima, usiende kwa jirani mikono mitupu. Chukua viwili, kimoja chako na kimoja chake, kama alivyofanya mwanachama yule wa Blackpool.